Kinyume cha Mafuriko

Aliyetunga zoezi la vinyume tunalolitumia darasani hajawahi kulala Garsen hata usiku mmoja. Angelala, asingeandika kwa ujasiri ule kwamba kinyume cha "mafuriko" ni "ukame", akatia nukta, akaenda zake kunywa chai. Mzigo kaniachia mimi: nisimame mbele ya watoto sitini na ushei wa Gredi ya Nne, jasho likinishuka hadi kwenye soksi, niwaaminishe kwamba hayo ni mambo mawili yanayopingana.

Watoto hawadanganyiki. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilitupa kisogo misimu mitano mfululizo. Malisho yakakauka, wazazi wakahama na mifugo, madawati yakabaki nusu tupu, halafu lori likaja na magunia ya msaada. Novemba 2023 ikaja El Niño. Mashamba yakazama, wazazi wakahama na magodoro kichwani, madawati yakabaki matupu kabisa, halafu lori likaja na magunia ya msaada. Liliposhindwa kupita, ikaja helikopta. Aprili 2024 maji yakarudi, safari hii na nchi nzima ikayaonja, mpaka kufunguliwa kwa muhula wa pili kukaahirishwa. Sasa mtoto aliyehama mara zote hizo, akala maharagwe yale yale kutoka gunia lile lile, nimwambie nini?

Nikauliza, "Kinyume cha mafuriko ni nini?" Kimya. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye kwa kawaida hashindwi na kitu, akasema, "Mwalimu, hicho hakina." Nikageuza swali. Nikataka kisawe, nikitarajia "gharika" kama kitabu kinavyotaka. Mkono ukapanda kule nyuma: "Helikopta!" Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Gharika hawaijui, haijawahi kutua kwenye uwanja wao wa mpira. Helikopta wanaijua mpaka mlio wake.

Na asije mtu akanishauri nianze na kilicho chepesi, "jua" na "mvua". Mto Tana unatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unasafiri kilomita zipatazo 1,000, unapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo unatufikia sisi umechoka na umekasirika. Mvua ikinyesha huko juu na mabwawa yakafurika, redio hututangazia watu wa Garissa na Tana River tuhamie nyanda za juu. Wakati huo hapa kwetu mbingu ni samawati, ardhi imepasuka, hakuna wingu hata la kubahatisha. Unazama ukiwa umejifunika kitambaa kichwani kwa ajili ya jua. Mtoto akiniandikia, "Leo kuna jua kali kwa hivyo tunahama kwa sababu ya maji," nikichora alama ya kosa mkono wenyewe unasita.

Hata "huku" na "ng'ambo" hazitulii. Tana una tabia ya kuhama njia; ziwa Shakababo, karibu na Ngao, ni mfano wa maji ambayo mto uliyaacha ukajiendea. Kijiji kilichokuwa ng'ambo mto ukikizunguka kinakuwa huku, na cha huku kinakuwa ng'ambo, bila mtu kubeba hata sufuria. Mwalimu wa Nairobi hana shida hii. Barabara zao husimama palepale, na ndiyo sababu zina msongamano.

Lakini haya yote ningeyavumilia lau si warsha.

Tulikusanywa tukafundishwa kwamba mtaala wa umilisi hautaki mwalimu wa kuandika ubaoni na kupiga domo. Hilo tulikuwa tumeambiwa tangu 2019 mtaala ulipoanza rasmi, ila safari hii tuliambiwa kwa projekta. Visawe na vinyume, akasema mwezeshaji, havifundishwi, huchezwa. Mtoto apewe kadi ya manila yenye neno, azunguke darasani kimya, amtafute mwenye neno kinyume, wasimame pamoja, watabasamu. Akatuonyesha picha za darasa fulani lenye zulia. Watoto kumi na wawili. Nilihesabu. Wote walikuwa wanatabasamu, na sikuona hata mmoja anayejipepea na daftari.

Nikarudi na bidii. Manila kwa watoto wangu wote ni pesa ya kilo kadhaa za sukari, kwa hiyo nikaenda dukani nikaomba katoni kuukuu za sabuni na biskuti, nikaketi usiku na mkasi na kalamu nene ya wino. "Tajiri", "maskini". "Adui", "rafiki". "Njaa", "shiba". Asubuhi nikazigawa, nikasema mchezo unaanza na hakuna kusema.

Mwenye "tajiri" alifuatwa na nusu ya darasa. Nikawauliza mbona wote mko kwake, wakasema wanangoja. Mvulana mwenye "adui" akakataa katakata kusimama na "rafiki" kwa kuwa rafiki mwenyewe alikuwa msichana. "Moto" akasimama na "huzuni", wametulia kabisa, na nilipowauliza sababu, wakaziunganisha kadi zao: mkasi wangu ulipita kombo pale, na kingo za vipande viwili ziliingiana sawasawa. Wengine walikuwa wamejipanga kwa nyuma ya kadi, sabuni kwa sabuni, biskuti kwa biskuti. Nikiwa mkweli, hao ndio waliofikiri zaidi. Kama ningekuwa sijui kusoma vizuri nami nikaambiwa nitafute mwenzangu, ningetazama hivyo hivyo.

Kengele ya mapumziko ikalia, kadi zikaachwa kwenye madawati. Darasa langu lina fremu ya mlango, ila mlango wenyewe bado uko kwenye bajeti. Akaingia mbuzi. Tuliporudi, akawa ameshapita safu mbili, na kwa utulivu wa mkaguzi. Katoni ya biskuti aliipenda kuliko ya sabuni. Alikuwa ameila "shiba" yote akaiacha "njaa", na watoto walipoliona hilo wakaanguka kicheko mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Ninawaambia kwa uchungu: tangu nianze kufundisha vinyume, hakuna jozi waliyoielewa kwa kasi ile. Kwenye jedwali letu la tathmini kuna ngazi nne, kuanzia mbali na matarajio mpaka kuzidisha matarajio. Mbuzi huyo ningempa ya juu.

Sitaki kuonekana mtu wa kulalamika tu, ingawa nalipwa kidogo mno kuwa mtu wa kufurahi. Kuna siku shughuli ilinoga. Nilileta mkeka, kopo lenye kifuniko, kamba, na nguo mbili za kuanika. Sikuandika neno. Mtoto anakunja mkeka, mwenzake anakunjua. Huyu anaziba kopo, yule anazibua. Huyu anafunga kamba, yule anafungua. Anaanika, mwingine anaanua. Mara ghafla ukaona macho yanang'aa: wameusikia ule mwisho wa kitenzi unaotengua kilichotendwa, na hakuna aliyewaambia. Wakaanza kujisemea wenyewe, tega na tegua, ezeka na ezua. Nikakaa kwenye kiti changu kama mfalme.

Ufalme ulidumu mpaka kengele. Baada ya hapo hakuna kitenzi kilichobaki salama. Lala, lalua. Soma, somua. Choma, chomoa, na hapo nikajaribu kueleza kwamba chomoa ni mwenzake chomeka, wakanijibu kwamba nyama ikishachomwa si lazima ichomolewe motoni? Mmoja akaniletea "pika" na "pikua". Nikamwuliza, kwa ile sauti tunayofundishwa chuoni ya kumheshimu mwanafunzi, kupikua ndiyo kufanya nini. Akasema, "Maji yakiingia jikoni usiku, mwalimu, ugali unapikuka." Nimesoma maneno mengi yaliyobuniwa na watu wenye shahada, na mengi yao yana sababu hafifu kuliko hii.

Maana maradhi yetu sisi walimu wa Kiswahili wa Kenya ni hayo, kupenda maneno yaliyovaa suti. Tulilelewa na insha za KCPE. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023, ukaenda zake, lakini ugonjwa umebaki. Mtoto asiseme kompyuta, aseme tarakilishi, na mwalimu wa shule jirani anafundisha ngamizi, na wote wawili shule zao hazina kompyuta, wala tarakilishi, wala ngamizi. Ndicho kisawe kamili nilichowahi kukiona: vitu vitatu vilivyolingana kwa kutokuwepo. Mimi ninayo ile Kamusi ya Visawe ya akina Mohamed, Mohamed A. na Said A., iliyochapishwa Nairobi mwaka 1998. Mafuriko ya 2018 yaliingia kabatini yakaifanya nene maradufu, haifungiki tena, lakini naithamini. Shida haiko kwenye kamusi. Shida iko kwa sisi tunaomtuma mtoto akachukue neno humo kabla hajalisikia kinywani mwa mtu.

Halafu tunajifanya kama Kiswahili kililetwa hapa na lori la vitabu! Kaburi linalotajwa kuwa la Fumo Liyongo liko Kipini, pale Tana unapoingia baharini, na washairi wamekuwa wakimsimulia tangu kabla ya Nairobi kuwa hata kituo cha reli. Kipokomo chenyewe ni cha ukoo mmoja na Kiswahili, pamoja na lugha za Wamijikenda. Mtoto wa Kipokomo anaingia darasani akiwa ameshabeba nusu ya somo mdomoni. Mtoto wa Kiorma anatoka nyumba ya lugha nyingine kabisa, yenye undugu na Kiborana na Kioromo cha Ethiopia, anaanza kuhesabu mpaka kumi upya. Wanaketi dawati moja, wanapewa kadi zile zile, na mimi natakiwa niwapime kwa jedwali lile lile. Mtaala unasema nizingatie tofauti za wanafunzi. Nazizingatia. Nazizingatia mpaka kichwa kinauma.

Kila upande una utajiri wake, na hapo ndipo visawe hunishinda. Niliomba kisawe cha "embe". Nikaandikiwa ngowe, boribo, dodo. Nikawaeleza kwa upole kwamba hizo ni aina za maembe, hazina maana sawa. Mtoto wa kando ya mto akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe huli maembe?" Nikamwambia nakula. Akasema, "Basi unajua ni maembe." Upande wa pili, niliposema kisawe cha ng'ombe nikapata fahali, mtamba, maksai na ndama, na kijana wa Kiorma aliyezitaja alikuwa tayari kuendelea na rangi, pembe na tabia za kila mmoja, kwa majina, kama nisingemzuia ili tumalize ukurasa.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenifundisha kitu ambacho hakuna warsha itakayonifundisha. Tulikuwa kwenye "kufa", "kufariki" na "kuaga dunia". Nikatoa kanuni tuliyokariri wote: mtu hufariki, mnyama hufa. Kwenye daftari lake akaandika, "Wakati wa ukame ng'ombe wetu alifariki." Nikamwita mezani nikamwonyesha. Ng'ombe hufa, nikasema. Akafikiri kidogo. "Wengine walikufa, mwalimu. Huyu alifariki." Nikamrudishia daftari bila kuchora chochote. Mtu anayetaka kunishtaki kwa ofisa wa elimu anishtaki.

Kuna jozi moja ambayo sikuileta mimi, wala haimo kitabuni. Tulikuwa tunacheza ule mchezo wa kurushiana mpira wa matambara: ukidaka, unasema kinyume cha neno la aliyerusha. Mtoto mmoja akarusha "mkulima". Aliyedaka, bila kungoja, akasema "mfugaji". Hakuna aliyecheka. Wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa mapigano ya 2012 na 2013, lakini neno hurithiwa kama shamba. Nilisikia feni ambayo hatuna ikizunguka. Nikasema hayo ni majina ya kazi, na kazi hazina kinyume, rusha mpira. Wakarusha. Wote wawili, kwa taarifa yenu, hulala kambi moja maji yakija, na mmoja wao ndiye anayemwazima mwenzake kifutio. Sitalizungumzia zaidi, safu hii ni ya kulalamikia mambo madogo.

Turudi kwa madogo. "Baridi." Kitabu kina picha ya mtoto amevaa sweta na kofia ya sufu, pumzi inamtoka kama moshi. Wanangu waliitazama picha ile kwa muda, mmoja akauliza kama anaungua. Baridi kwa hapa ni soda, na kinyume chake, walikubaliana kwa kauli moja, ni stima kupotea. "Kiboko" nalo lilinipa kazi. Nilitaka kuwaonyesha neno moja lenye maana mbili. Enzi zangu maana zote mbili zilikuwa hai: mmoja alikuwa mtoni na mwingine juu ya kabati la mwalimu mkuu. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni 2001, kwa hiyo watoto hawa wanamjua mmoja tu, yule anayetoka majini usiku kula mpunga. Mmoja akauliza, "Mwalimu, walikuwa wanawapiga na kiboko mzima?" Nikasema ndiyo. Heshima yangu imepanda sana tangu siku ile.

Kilichoniponza ni kusahihisha. Yule wa helikopta nilimpa sufuri, kwa kuwa mwongozo unataka "gharika" na mimi nina familia. Kesho yake nyanya yake akaja, kanga imefungwa ya vita, daftari mkononi. Akanisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza za watoto, akaketi chini ya mwembe kama mtu asiye na haraka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mwanangu," akasema, "mafuriko yalipokuja, ulikuwa wapi?"

"Kambini, nyanya, pamoja na nyinyi."

"Ukajuaje kwamba yamekuwa makubwa?"

Nikanyamaza. Akanionyesha juu kwa kidole, akanifungulia daftari, akaniwekea kalamu yake mwenyewe juu ya ukurasa. Nikampa nusu alama. Akaitazama, akasema haidhuru, nusu nyingine utaileta maji yakija.

Garsen si mji wa siri. Kufikia Ijumaa wazazi walikuwa wamejipanga chini ya mwembe ule, kila mmoja na daftari. Huyu anadai nusu ya soda. Yule anadai nusu ya dodo, na amebeba ushahidi wake kwenye mfuko. Mama wa pikua hakutaka nusu, alitaka nzima, na sikuwa na hoja. Mwalimu mkuu akapita akaniuliza kama ni siku ya chanjo.

Wa mwisho kwenye foleni hakuwa na daftari. Mzee mmoja mfugaji, bakora begani, kilemba kizuri. Tukapeana salamu za Kiislamu kikamilifu, na za mvua, na za malisho. Nikamwuliza mwanawe ni yupi. Akasema hana mtoto shule hii.

"Nimekuja kwa habari ya mbuzi wangu, mwalimu. Mbuzi wa maziwa. Tangu siku ile ale makaratasi yako hataki kitu kingine. Anasimama tu, anatazama huku shuleni."

Nikamwambia pole, nikamweleza kwamba ilikuwa katoni safi na wino kidogo.

"Watoto wanasema alikula maneno."

"Alikula, mzee."

"Maneno gani?"

Nikaanza kumtajia niliyoyakumbuka: kubwa, nzuri, tajiri, cheka, shiba. Akasikiliza kwa makini, akayarudia moja moja kwa vidole, kisha akaniuliza kama kuna dawa yake.

Nikaingia darasani, nikatafuta kwenye boksi, nikamletea kadi ya "njaa". Akaichukua, akaigeuza huku na huku, akainusa, akauliza amlishe asubuhi au jioni.